Karatasi Iliyosema Yuko Sawa

Habaryar aliitunza ile karatasi ndani ya bahasha ya kaki, chini ya godoro, pamoja na kitambulisho na kadi ya kliniki. (Habaryar ni mama mdogo, kwa nyinyi ambao hamkulelewa na Wasomali.) Kila mgeni aliyeingia kumjulia hali pale Barwaqo, Wajir, alionyeshwa. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisoma, lakini alijua pa kuweka kidole: CA 15-3, halafu nambari, halafu neno moja la kusema yuko sawa. "Damu imepimwa Nairobi," alikuwa akisema, "na damu haidanganyi."

Haikudanganya. Iliulizwa swali ambalo haikuwa na uwezo wa kulijibu, na aliyeuliza alilipwa.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu, kama kokwa ya tende imekwama chini ya ngozi. Alipanda basi Wajir, akapita Habaswein, Modogashe na Garissa, akashuka Islii asubuhi miguu imevimba. Binamu akampeleka kwenye maabara moja ya kibinafsi. Siitaji jina, ziko nyingi na zinafanana. Ukutani kulikuwa na tangazo la kifurushi cha vipimo vya kansa kwa akina mama. Akalipa kwa M-Pesa, akatolewa damu, kesho yake akapewa karatasi. Hakuna mtu aliyemshika titi. Narudia, kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo: mwanamke alifika na uvimbe unaoshikika kwa mkono, na hakuna mkono ulioushika. Akarudi nyumbani na basi lile lile, akichinja mbuzi wa shukrani alipofika.

Miezi saba baadaye alianza kukohoa. Skani ikaonyesha mapafu na ini. Nyama ya uvimbe ilipokatwa hatimaye na kupimwa, ikaonekana ni ile aina ambayo madaktari huiita hasi mara tatu. Kansa nyingi za titi zina angalau kimoja kati ya vipokezi vitatu, viwili vya homoni na kimoja kinachoitwa HER2, na dawa nyingi nzuri hufanya kazi kwa kushambulia hapo. Yake haikuwa na hata kimoja. Aina hii ina mbio. Ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya kwanza, na hupenda mapafu, ini na ubongo. Tulimzika kabla ya Ramadhani.

Sasa kila nikifungua simu naona mtu anashangilia kipimo kipya cha damu kitakachogundua kansa ya titi ikianza kusambaa, kabla hata skani haijaona kitu. Marafiki zangu wa Nairobi wananitumia hizo habari kwa nia njema. "Umeona hii? Mambo yanabadilika." Nimeona. Nimesoma hata zile kurasa zenye majedwali. Na nataka kubishana na watu wawili: anayeuza damu kama uchawi, na yule anayesema Wajir bado haijafika kiwango cha kuongea mambo haya.

Nianze na muuzaji. CA 15-3 ni kipande cha protini kinachobanduka kwenye seli na kuingia kwenye damu. Kansa ikiwa tayari imeenea, mara nyingi hupanda, na daktari anayemtibu mgonjwa huyo anaweza kuitumia, pamoja na skani, kuona kama dawa inashika. Kazi yake ya maana inaishia karibu hapo. Kansa ikiwa bado iko kwenye titi tu, kwa wanawake wengi haipandi hata kidogo. Na mtu mwenye ini bovu inaweza kumpandia bila kansa yoyote. ASCO, chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, kiliandika mwaka 2007 kwamba isitumike kutafuta kansa kwa mtu asiyejulikana kuwa nayo, wala kuithibitisha, wala kupima imefika hatua gani. Si habari ya juzi. Anayeiweka kwenye kifurushi cha "akina mama" anaijua hiyo habari, na kama haijui, leseni yake ni ya nini? Marekani wenyewe walimfunga Elizabeth Holmes wa Theranos kwa kuwadanganya wawekezaji kuhusu tone la damu. Waliodanganywa Wajir si wawekezaji, kwa hivyo sitarajii kesi.

Lakini sitaki mtu asome hapa aondoke akisema vipimo vya damu vya kansa ni utapeli. Hapana. Kuna sayansi ya kweli, na ni ya ajabu. Mwaka 1869 daktari mmoja Australia, Thomas Ashworth, aliangalia damu ya mtu aliyekufa kwa kansa na kuona ndani yake seli zinazofanana na za uvimbe wenyewe. Yaani kansa ilikuwa inasafiri kwenye damu, na alikuwa anaiangalia kwa macho. Ilichukua hadi 2004 kwa Marekani kuidhinisha mashine ya kuhesabu seli hizo katika mililita 7.5 za damu, kijiko kimoja na nusu cha chai. Zikifika 5 au zaidi kwa mwanamke ambaye kansa yake ya titi imeenea, hali ni mbaya zaidi.

Halafu kuna DNA. Seli za uvimbe zikifa hupasuka na kumwaga vipande vya DNA kwenye damu, na vipande hivyo vina makosa yale yale yaliyo kwenye uvimbe, kama ng'ombe na alama ya moto ya mwenyewe. Ukijua alama, unaweza kumtafuta ng'ombe kwenye kundi la mtu mwingine. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge walilinganisha njia hizi kwa wanawake 30 ambao kansa yao ya titi ilikuwa imeenea. DNA ya uvimbe ilionekana kwa 29. CA 15-3 ilikuwa juu kwa 21 tu kati ya 27 waliopimwa. Soma tena hiyo ya pili. Hata kwa wanawake ambao kansa ilikuwa imeshatembea mwilini, kile kipimo cha habaryar kilikuwa kinakosa zaidi ya mmoja kati ya watano.

Na nitakiri: niliposoma hayo nilifikiria Wajir kabla ya mahali pengine popote. Mashine ya skani haipandi basi. Mgonjwa wa mapafu akipanda basi usiku kucha kwenda kupigwa picha, anafika akiwa mgonjwa zaidi. Damu lakini inasafiri. Mrija mmoja kwenye boksi, ndege ya asubuhi, mgonjwa akiwa kitandani kwake anakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Kama kuna watu duniani waliotengenezewa kipimo cha damu, ni watu wanaoishi mbali na mashine.

Hapo ndipo yule bwana wa pili huinua mkono. Nilikutana naye kwenye warsha, hotelini Nairobi, chupa ya maji mbele yake. Akasema kwa upole kabisa kwamba haya ni mazuri, ila kwa kaunti kama Wajir tuanze na mambo ya msingi: maji, chanjo, akina mama kujifungua salama. Watu wakatikisa kichwa. Mimi niko na swali moja tu kwake. Simu zilipokuja Wajir, nani alisema zisubiri mabomba? M-Pesa ilifika kwenye visima kabla ya maji safi, na hakuna aliyelalamika kwamba tumeruka hatua. Ni wakati wa kutibiwa tu ndipo tunakumbushwa foleni.

Na hata hoja ya kwamba haiwezekani si kweli, kwa sababu imeshafanyika. Watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI walipimwa vipi huko mbali? Kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye kadi, yakawekwa kwenye bahasha, yakatumwa kwenye maabara chache kubwa kama za KEMRI, na majibu yakarudi. Kenya imefanya hivyo miaka mingi. Tulijua kubeba damu ya mtoto wa siku arobaini na tano kutoka kijijini hadi maabara. Ilikuwa ni pesa, karatasi, dereva na mtu wa kupokea simu. Kwa hivyo msituambie jangwa ni kubwa.

Sasa nigeukie upande wangu mwenyewe, maana kwenye hamu yangu kuna mashimo.

La kwanza ni joto. Damu ya kawaida ikitolewa kwa ajili ya DNA ya uvimbe lazima itenganishwe ndani ya saa chache, la sivyo seli nyeupe za mgonjwa mwenyewe hupasuka na kufunika kila kitu. Kuna mirija maalumu yenye dawa ya kuzizuia, na inaweza kuitunza damu hadi siku 14, mradi joto lisizidi nyuzi 37. Nani anaijua Wajir mwezi wa Machi? Nje peke yake kunakaribia hapo. Ndani ya buti ya gari, sahau. Hili linatatulika kwa boksi la baridi na mtu mwangalifu, lakini lazima litatuliwe na mtu anayejua Machi ni nini.

La pili ni zito zaidi. Uingereza walifanya utafiti kwa wanawake waliomaliza matibabu ya kansa hasi mara tatu, aina ile ile ya habaryar. Waliitwa kila miezi mitatu, damu ikatafutwa DNA ya uvimbe. Jina lake c-TRAK TN. Wazo lilikuwa zuri: ikamate damu inapotoa ishara ya kwanza, piga dawa ya kinga iitwayo pembrolizumab, zima moto kabla ya moshi. Kati ya wanawake 32 wa kundi la dawa ambao damu yao ilitoa ishara, 23 walipopigwa skani kansa ilikuwa tayari imeenea. Waliobaki na kuanza dawa walikuwa wachache mno, na hakuna hata mmoja ambaye DNA ya uvimbe iliondoka kwenye damu yake na kubaki imeondoka. Hii ni Uingereza, penye skani ndani ya wiki na dawa bila harambee. Marekani nako, 2014, utafiti mwingine ulionyesha kwamba kubadilisha kemo mapema kwa sababu seli za kansa kwenye damu hazijapungua hakukuwaongezea wanawake maisha. Kujua kulikuwepo. Dawa ya kufuata kujua ndiyo haikuwepo.

Watafiti wenyewe hawakukata tamaa. Walisema upimaji uanze mapema na vipimo viwe vikali zaidi, na mimi nawaamini. Ila sioni ni kwa nini mwanamke wa Wajir aambiwe na mrija wa damu kwamba ugonjwa umerudi, halafu aachwe na huo ujuzi mikononi. Hiyo ni kazi ya mpiga ramli.

Na sisi Wakenya tuna ugonjwa wetu wa kupenda mashine. Mwaka 2015 kaunti zote zilikodishiwa vifaa vya hospitali kwa mabilioni, mashine za mamografia zikiwemo. Seneti ilipouchunguza mpango huo, ripoti yake ya 2020 ilikuwa kali, na sehemu kadhaa vifaa vilikutwa vimekaa bila kutumika kwa kukosa umeme, chumba au mtu wa kuvitumia. Mashine hupigwa picha na gavana. Mtaalamu wa kusoma picha za titi hana utepe wa kukatwa.

Kwa hivyo nitasema kitu ambacho hakitawafurahisha wapenda teknolojia: kitu ambacho kingemsaidia habaryar siku ile Islii ni sindano. Sindano nene ya biopsi, uvimbe uchomwe, kinyama kitoke, kiwekwe kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72, halafu kipimwe vipokezi. Hiyo formalini inaonekana ni kitu kidogo. Si kidogo. Kinyama kikikaa juani kabla ya kuwekwa dawa, au kikizidishiwa siku, vipokezi huharibika, na maabara inaandika "hasi" kwa kansa ambayo si hasi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kansa nyingi za titi za wanawake wa Afrika hazina vipokezi. Mwaka 2014 Shahin Sayed na wenzake wa Aga Khan, Nairobi, walichapisha vipimo vya wanawake zaidi ya 300 vilivyofanywa kwa utaratibu unaotakiwa. Karibu tatu kwa nne walikuwa na kipokezi cha estrojeni. Hasi mara tatu walikuwa kama mmoja kati ya watano. Wengi, ndiyo, lakini si kama tulivyoambiwa. Piga hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi walionyimwa tembe rahisi za homoni kwa sababu kopo halikuwa na dawa.

Kinyama cha habaryar, kilipokatwa hatimaye, alibebeshwa kaka yangu kwenye kopo la plastiki akapanda nalo basi. Aliliweka katikati ya mapaja usiku mzima asije akalimwaga. Hadi leo sijui kwa hakika kama kansa yake ilikuwa hasi mara tatu au safari ndiyo iliyoifanya hasi. Huwa nalifikiria hilo usiku.

Halafu kuna watu watakaoandika kwenye ripoti kwamba tatizo la kaskazini ni utamaduni. Akina mama wanaona haya. Wanakwenda kwa mganga kwanza. Habaryar alikaa usiku kucha kwenye basi ili amwonyeshe titi lake mtu asiyemjua, na huyo mtu hakutaka kuliona. Haya ilikuwa ya nani?

Hata kuhesabiwa ni kazi. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yalisema Kenya ina wagonjwa wapya wa kansa 42,116 kwa mwaka, na ya titi ndiyo inayoongoza. Nambari za aina hiyo zimejengwa zaidi juu ya madaftari ya kansa ya miji, Eldoret tangu 1999 na Nairobi tangu 2001. Mwanamke aliyezikwa Tarbaj au Eldas bila biopsi hayumo popote. Sisi tumezoea. Matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa, ya Wajir Mashariki yalifutwa pamoja na ya wilaya nyingine 7 kwa sababu eti tulikuwa wengi kupita kiasi. Kwa uchaguzi tunazidi, kwa kansa hatupo.

Ndiyo maana sitaki damu yetu ikosekane kwenye tafiti za vipimo hivi. Vinaundwa na kusahihishwa kwa damu ya wanawake wa Ulaya na Marekani, halafu siku moja vitaletwa hapa na bei, na hakuna atakayejua kama nambari ya "sawa" iliyowekwa kule ni sawa kwa mwanamke wa Griftu. Nataka tuwemo tangu mwanzo, kwa idhini iliyoandikwa Kisomali, na kwa mkataba unaosema damu ikitoa ishara, skani na dawa ni za nani na zinalipwa na nani. Garissa imejengewa kituo cha kansa cha kuhudumia eneo letu, chenye mionzi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Wajir mjini. Hiyo ni hatua, siikatai. SHA ilipoanza Oktoba 2024 iliweka Sh400,000 za kansa kwa familia kwa mwaka na nyingine 150,000 zikiisha. Lakini kabla ya kufika kwenye hizo pesa lazima uwe na jibu la nyama, na sisi jibu la nyama tulililipia kwa mchango wa WhatsApp, shilingi mia mbili mia mbili, na watu wakituuliza: si damu ilisema yuko sawa?

Wiki iliyopita binti wa habaryar alinitumia ujumbe wa sauti. Ana miaka 29. Alikuwa ananong'ona, nadhani watoto walikuwa wamelala. "Abaayo, nimeshika kitu. Ile maabara ya Islii ya hooyo bado iko? Nataka nikuje nipime damu."

Nilimpigia, hakushika, nikaandika. Usipime damu. Kesho asubuhi nenda hospitali, mwambie daktari wa kike kama yuko, kama hayuko mwambie yeyote, una uvimbe na mama yako alikufa na kansa ya titi. Mshike mkono umwekee pale. Ultrasaundi kwanza, halafu sindano nene, si ile nyembamba. Kipande kikitoka uliza kopo lina formalini, na waandike saa kimeingia. Mwambie unataka vipokezi vyote vitatu. Jibu likiwa ni kansa, ndipo tutaongea juu ya damu, kipimo cha kurithi, BRCA, na hicho nitakilipia mimi.

Tiki mbili za buluu. Akakaa kimya kama dakika kumi.

"Hiyo formalini inaandikwaje? Nataka niiandike kwa mkono na hina."

Nikamwandikia herufi moja moja.